Sura ya Sita: Lugha Zisizohesabiwa

Miraa haisubiri mtu. Ikishachumwa asubuhi katika mashamba ya Igembe, Meru, thamani yake hudumu siku mbili hivi, kisha hubaki vijiti vikavu visivyo na mnunuzi. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoke, na ndiyo sababu magari yanayoibeba kutoka Maua, Laare na Muringene kuelekea Nairobi huendeshwa kana kwamba yanakimbizwa. Biashara ya haraka namna hiyo haina nafasi ya mkalimani. Na kwa miongo mingi mnunuzi mkubwa wa miraa amekuwa Msomali: wa Eastleigh, wa Garissa, wa Mogadishu, na kabla ya Uholanzi na Uingereza kuipiga marufuku, wa Amsterdam na London pia. Basi madalali wa Igembe wakajifunza Kisomali. Hawakupewa kitabu wala mwalimu. Walianza na hesabu na bei, wakafika kwenye maneno ya ubora na ya deni, na baada ya miaka wakawa wanaulizana habari za wagonjwa na za watoto. Wasomali nao waliohamia Maua, wakafungua maduka na mikahawa, walijifunza Kimeru, na wako waliozaliwa pale ambao Kiigembe chao hakina ugeni wowote.

Ukienda kaskazini, Isiolo hadi Marsabit na Moyale, utawakuta akina mama wa Kimeru wanaouza miraa kando ya barabara wakizungumza Kiborana na wateja wao. Ukishuka kusini, katika nchi kavu ya Mbeere, zao ni muguka, jamii ya miraa, na soko lake kubwa ni Mombasa. Wauzaji wa Mbeere wanaokaa Mombasa wamejifunza Kiswahili cha pwani kwa sikio, na hawakukiacha hata Mei 2024, baadhi ya serikali za kaunti za pwani zilipopiga marufuku muguka na shauri likafika mahakamani. Soko la Ishiara, mahali ambapo Wambeere, Watharaka na Wakamba hukutana kwa mbuzi, mtama na pojo, huendeshwa kwa lugha tatu au nne kwa siku moja, na hakuna anayeona ajabu.

Mwulize mmoja wa wafanyabiashara hawa anajua lugha ngapi. Aghalabu atakujibu kwamba yeye hajui lugha, hakusoma. Anaongea Kimeru, Kiswahili, Kisomali na Kiborana kidogo, lakini kwa hesabu yake mwenyewe hana lugha hata moja, kwa sababu lugha anayoihesabu ni Kiingereza peke yake.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Meru na Embu, pamoja na Tharaka Nithi iliyo katikati yao, zimejaa watu wenye kipawa cha lugha. Tulichokosa ni heshima kwa kipawa hicho. Tumejenga mazoea ya kuhesabu lugha kwa cheti, na mazoea hayo yanatugharimu shuleni, nyumbani, na sasa hata katika safari za vijana wetu kwenda kutafuta kazi ng'ambo.

Wageni waliokaa chini kujifunza

Kupokea lugha ya jirani ni jambo la kale katika nchi ya Mlima Kenya. Masimulizi ya Wameru yanaeleza kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kisiwa upande wa bahari, wakikimbia utumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu, wakasafiri hadi mlimani. Njia ndefu kama hiyo haipitiki bila kujifunza kuzungumza na uliowakuta. Kimeru, Kitharaka, Kiembu, Kimbeere, Kikuyu na Kikamba ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwa karne nyingi wasemaji wake wamesikilizana, wameoana na kuuziana mazao kwa kila mmoja kunyoosha sikio lake kuelekea kwa mwenzake.

Wazungu walipofika, wao ndio waliolazimika kuwa wanafunzi kwanza. Shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, lilifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti waliokuwa na kituo Ribe, karibu na Mombasa, walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Wamisionari wa Consolata, Waitaliano kutoka Torino, walijenga misheni zao katika miaka hiyo hiyo, na mwaka 1922 Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti akaanza kazi Chogoria. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuhubiri, kutibu au kufundisha kwa lugha ya kwao. Walikaa chini wakafundishwa na vijana wa hapa, vijana ambao leo majina yao hayatajwi katika vitabu ingawa wao ndio waliokuwa walimu.

Maofisa wa serikali ya kikoloni nao walitahiniwa Kiswahili, na kupita mtihani huo kulikuwa sehemu ya kazi yao. Mfano ulio karibu nasi ni H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Meru katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Lambert aliichunguza Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na mwaka 1947 akachapisha utafiti juu ya mamlaka za jadi za Wameru. Baadaye akageukia lahaja za Kiswahili: mwaka 1957 na 1958 zilitoka kazi zake kuhusu Chivumba, Chijomvu na Chichifundi, ambazo wanaisimu bado wanazisoma. Padri Bernardo Bernardi wa Consolata, Mwitaliano, alijifunza kwa wazee wa hapa hata akaandika kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, kilichochapishwa mwaka 1959.

Sisemi haya kuwasifu wakoloni. Nayasema kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo limesahaulika: mwenye nguvu, mwenye bunduki na mwenye kalamu, aliona faida ya kujifunza Kimeru na Kiswahili, akatoa muda wake. Hakuwaza kwamba lugha hizo zitamharibia akili. Fikra hiyo tulipewa sisi.

Diski

Mwanzoni shule za misheni zilifundisha kwa lugha za hapa. Makanisa ya Kiprotestanti ya Embu na Chogoria yalitumia kwa miaka mingi Biblia na nyimbo za Kikuyu, na waumini wakajifunza lugha ya jirani kwa kuimba. Biblia nzima ya Kimeru ilipatikana mwaka 1964. Lakini kadiri mitihani ilivyozidi kuwa mlango wa kazi, Kiingereza kilizidi kuwa ufunguo wa mlango huo. Mtoto aliyeshindwa mtihani wa Kiingereza alirudi shambani, na mzazi akaelewa vizuri kabisa jambo lililokuwa likitendeka.

Uhuru haukubadilisha mwelekeo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ikasema watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na sera hiyo imebaki kwenye maandishi hadi leo. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima linalotahiniwa pale tu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kizazi kizima kabla ya hapo kiliketi darasani kikijua kwamba Kiswahili hakiongezi alama.

Na kulikuwa na diski. Wazee na vijana wa Meru na Embu wanaikumbuka kwa namna tofauti: kipande cha ubao, mfupa, au kifuniko kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, naye alipaswa kumtafuta mwenzake aliyekosa ili amvishe. Jioni mwenye nayo alitajwa, na waliomtangulia wakatajwa, wote wakaadhibiwa. Shule nyingi za Kenya zilikuwa nayo, na Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi watoto wa shule yake walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu. Ubaya wa diski ulizidi viboko. Iliwafundisha watoto kusikilizana ili washtakiane. Sikio ambalo sokoni Ishiara hujifunza lugha ya mwenzake, shuleni lilifundishwa kumtega mwenzake.

Mtoto aliyepita katika malezi hayo hutoka na masomo mawili ambayo hayakuandikwa ubaoni. La kwanza, kwamba lugha ni kitu cha kuogopa kukosea. La pili, kwamba lugha zina vyeo, na ya mama yake iko chini kabisa. Akishakuwa mzazi mjini Meru au Embu, huwaamrisha watoto waongee Kiingereza tu nyumbani. Likizo ikifika wanapelekwa Tigania au Runyenjes kwa nyanya yao, na nyanya na mjukuu wanatazamana wakikosa la kusemezana. Mzazi huyo anampenda mwanawe. Anafanya alichofundishwa kuwa ndiyo njia ya kumpa mtoto maisha bora.

Mazoea tuliyoyaazima

Wenye Kiingereza wenyewe wana ugonjwa wao. Nchini Uingereza, mwaka 2004 serikali iliruhusu wanafunzi wa England kuacha lugha za kigeni wakifika miaka 14. Mwaka 2002 karibu robo tatu ya wanafunzi walifanya mtihani wa GCSE katika lugha ya kigeni. Kufikia 2011 walikuwa asilimia 40 hivi. Marekani ni takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano anayejifunza lugha ya kigeni shuleni. Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hupata kuamini kwamba dunia itamfuata alipo, na kwamba lugha nyingine ni pambo la wenye nafasi.

Unaweza kuelewa mazoea hayo kwa mtu wa Manchester au Ohio. Cha kushangaza ni kuyakuta Nkubu na Manyatta. Kiingereza kina nafasi nchini Kenya kwa sheria na kwa ofisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Lakini wachache sana kati yetu walizaliwa katika nyumba ya Kiingereza. Hata hivyo tumeazima majivuno ya wenye nacho. Tunasema maneno yao: Kifaransa kitakusaidia nini? Kiarabu ni cha dini fulani. Kijerumani ni cha watalii. Kichina ni kigumu, achana nacho.

Kwa miaka mingi Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu vimetahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kama masomo ya hiari, na mtaala mpya umeongeza Kichina. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika, inayofundisha Kichina, ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Goethe-Institut ya Nairobi, inayofundisha Kijerumani, ina zaidi ya miaka 60. Lakini mwanafunzi wa shule ya kutwa ya Tharaka au Mbeere huzikuta lugha hizi kwenye orodha tu, kwa kuwa hakuna mwalimu. Pale alipo, mara nyingi wanafunzi huambiwa wachague somo la biashara au kilimo kwa sababu alama zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Lugha inapimwa kwa wastani wa shule, na mwanafunzi hapati nafasi ya kuuliza inaweza kumfungulia nini.

Hata lugha zetu wenyewe tunazipima kwa kipimo hicho. Mtaala huo mpya, wa umilisi, unatoa nafasi kwa lugha za kiasili katika gredi ya kwanza hadi ya tatu. Hapo ndipo Meru inapojikuta na swali lake: Kimeru kipi? Vitabu vingi viliandikwa kwa Kiimenti, lahaja moja ya Kimeru, na mtoto wa Chuka au wa Tharaka akivifungua hukutana na lugha ya jirani, iliyo karibu na ya kwao lakini si ya kwao. Wataalamu wengi wanahesabu Kitharaka, Kichuka, na Kimwimbi pamoja na Kimuthambi kuwa lugha zenye kusimama zenyewe. Watharaka walipofanyiwa kazi ya kutafsiri Maandiko na kuandikiwa vitabu vya kujifunzia kusoma, walipata kuona lugha yao ikiheshimiwa kwenye karatasi. Ni haki ambayo jirani zao wangali wanaidai.

Kicheko

Kuna kikwazo kingine ambacho sera haikigusi, nacho ni kicheko. Wachekeshaji wa Kenya wamejitafutia riziki kwa kuiga lafudhi za makabila, na lafudhi ya Mmeru imekuwa miongoni mwa zinazopendwa zaidi jukwaani: Mmeru mkali, Mmeru wa hasira, Mmeru anayetamka Kiswahili na Kiingereza kwa uzito wa mlimani. Watu hucheka na kwenda nyumbani. Lakini kijana wa Mikinduri anayeingia chuo kikuu Nairobi huibeba sauti hiyo kama mzigo. Hunyamaza katika mjadala. Huogopa kuuliza swali. Baadaye, akipata nafasi ya kujifunza lugha mpya, tayari anajua kwamba kufungua kinywa ni kujitia katika hatari.

Hakuna anayejifunza lugha bila kuitamka vibaya kwanza. Wasomali wa Maua walikitamka Kimeru vibaya, Wameru wakakitamka Kisomali vibaya, biashara ikaenda mbele kwa sababu kila upande ulikuwa na haja na mwenzake. Pale penye haja na heshima, kosa halina uzito. Shule zetu, na jukwaa letu la vichekesho, zimelipatia kosa uzito wa aibu.

Na bado mlima huu umetoa watu ambao Kiswahili chenyewe kinawadai shukrani. Ireri Mbaabu aliandika juu ya Kiswahili kama lugha ya taifa mwaka 1978, wakati ambapo wasomi wengi wa Kenya walikidharau, kisha akaandika historia ya usanifishaji wake na kushiriki kutunga kamusi ya Sheng. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka na profesa wa isimu, ametupa mashairi na tamthilia, zikiwemo Natala na Kifo Kisimani, zilizosomwa na maelfu ya wanafunzi. Watoto wa pwani wameisoma kazi ya mtu wa Tharaka. Lafudhi yake haikumzuia kuandika Kiswahili kinachosomwa Lamu.

Redio nazo zimethibitisha kitu. Muuga FM inatangaza kwa Kimeru, Wimwaro FM inawahudumia wasikilizaji wa Embu na Mbeere, na kampuni za mbegu, benki na simu zinalipia matangazo humo. Mfanyabiashara hatupi pesa katika lugha iliyokufa. Anajua kwamba mkulima wa kahawa akielezwa habari za mbolea kwa lugha yake, atanunua. Soko limeheshimu lugha ambazo darasa lilizivisha diski.

Kijerumani cha wauguzi

Mtihani mkubwa wa mazoea yetu umewadia sasa, na umeingia kupitia hospitali. Eneo hili linafundisha wauguzi wengi: Chogoria, Consolata Nkubu, Maua Methodist, na matawi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, huko Meru na Embu. Wengi wakihitimu hukaa miaka bila kazi ya kudumu. Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira na uhamiaji. Habari zilivuma kwamba nafasi 250,000 zimetengwa kwa Wakenya, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kukanusha: mkataba huo hautaji idadi yoyote. Lakini hitaji la wauguzi ni la kweli, na tangu hapo Kijerumani kimekuwa neno la kila siku kwa vijana waliokuwa wakikiita lugha ya watalii.

Hapa ndipo dharau ya zamani inapogeuka kuwa hatari. Mtu aliyezoea kuiona lugha kuwa cheti hutafuta cheti. Mawakala wanaoahidi kazi baada ya wiki chache za masomo wanamfahamu vizuri mtu huyo, na wanajua familia yake itauza ng'ombe au kipande cha shamba. Ukweli ni mgumu zaidi. Ili muuguzi wa kigeni akubaliwe kikamilifu Ujerumani, kwa kawaida anatakiwa kufika kiwango cha Kijerumani kinachoitwa B2, na anayekwenda kusoma kazi huko huombwa B1 au zaidi. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika B2 huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Mtihani una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Huwezi kukariri majibu ya mazungumzo.

Na baada ya mtihani kuna wodi. Muuguzi huyo atasimama mbele ya mzee wa Bavaria anayeongea lahaja ya kijijini kwao, mwenye maumivu, asiyetaka kurudia alichosema. Lazima aelewe ni wapi panauma na tangu lini. Atakayefaulu ni yule ambaye sikio lake limezoea kunyooshwa: aliyewahi kukaa Isiolo akaelewa Kiborana, aliyemhudumia mgonjwa wa Kitharaka bila kumdharau, aliyezungumza na nyanya yake kwa Kimeru kizito. Uwezo huo ndio diski ilikusudia kuukata.

Wapo tayari wauguzi wa kutoka mlimani wanaofanya kazi Ujerumani, Uingereza na nchi za Ghuba. Waliokwenda Ghuba walijifunza Kiarabu cha wodi kwa wiki na miezi, wakiokota neno leo na neno kesho kutoka kwa wagonjwa. Wakirudi likizo hawapewi sifa kwa hilo. Tunawauliza mshahara wao, na hatuwaulizi wamejifunza nini.

La kufanya

Nimalizie kwa maneno ya wazi, kwa sababu jambo hili linaweza kurekebishwa na watu wa kawaida bila kungoja tume nyingine.

Kwa mzazi: mwachie mtoto lugha ya nyumbani mpaka ikomae, na umwongezee nyingine juu yake. Mtoto anayeimiliki lugha moja kwa undani, anayejua kusimulia, kubishana na kuomba radhi ndani yake, ana msingi wa kusimamisha Kiingereza, Kiswahili na Kijerumani. Mtoto aliyenyang'anywa ya kwanza hujifunza ya pili akiwa na nusu ya maneno. Usimpeleke kwa nyanya yake kama mgeni.

Kwa mwalimu: ikiwa diski ingali katika shule yako, ya ubao au ya daftari la majina, iondoe wiki hii. Mtoto akikosea Kiingereza, msahihishe kama unavyomsahihisha akikosea hesabu, bila kicheko. Mwombe mwanafunzi anayejua Kisomali, Kiborana au Kikamba awafundishe wenzake salamu. Darasa litajifunza kwamba kujua lugha ya mwingine ni elimu.

Kwa serikali za kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu: wekeni madarasa ya lugha katika vyuo vya ufundi na katika maktaba, na walimu wenye sifa, kwa ada ambayo mtoto wa mkulima anaweza kulipa. Vijana wengi wenye nia hushindwa kwa sababu darasa lililo karibu liko Nairobi, na kulala Nairobi kunagharimu kuliko karo. Wasimamieni mawakala. Mtu anayeuza ahadi ya kazi na lugha kwa mkupuo mmoja aonyeshe kibali chake na aonyeshe watu aliowapeleka.

Kwa kijana anayejiandaa kuondoka: jifunze lugha kwa ajili ya watu utakaoishi nao, na cheti kitafuata. Kama huna hamu ya kumsikiliza mzee wa Bavaria, Kijerumani chako kitaishia kwenye karatasi. Na ukifika, usione aibu kwa lafudhi ya mlimani. Kila mtu duniani ana lafudhi ya mahali fulani.

Na kwa yule dalali wa Maua, yule mama wa Isiolo, yule muuzaji wa muguka aliyeko Mombasa: mnajua lugha nne. Semeni hivyo mkiulizwa. Watoto wenu wanasikiliza jibu lenu, na wanaposikia kwamba mzazi wao hana lugha, wanaamini. Waambieni ukweli, kwamba wamezaliwa na watu wanaozungumza na nusu ya Kenya, na kwamba hakuna lugha iliyo juu ya uwezo wao.